Posa ya Badi, Aliyesomea Uafrika

Badi bin Shee wa Kisauni aliporudi kutoka Marekani, katikati ya mwaka wa 1963, jamaa walimpokea kwa hoihoi na vigelegele, wakamlisha wali wa nazi mpaka suruali zake za ugenini zikambana, kisha ndipo wakakumbuka kumuuliza alichosomea. Lingekuwa jambo dogo lau angejibu udaktari, au uwakili. Kijana wa Changamwe aliyepanda naye ndege moja mwaka wa 1959 alirudi mhandisi, na mwenzao wa Likoni alikuwa bado huko akisomea utabibu wa meno, kazi ambayo kila aliyewahi kuumwa na jino anaielewa. Badi yeye alikuwa amesomea Masomo ya Kiafrika.

"Masomo ya nini?" aliuliza mjomba wake, Mzee Boga, na kikombe cha kahawa kikasimama njiani.

"Ya Kiafrika, mjomba. Habari zetu sisi. Miji ya kale, falme, lugha, watu walikotoka."

Mzee Boga aliwageukia waliokaa barazani. Alikuwa msemaji wa ukoo, mtu wa kupeleka posa na kusuluhisha ndoa, na mdomo wake haukujua mapumziko. "Sikizani, jamani," alisema. "Kijana amepandishwa ndege, akakalishwa miaka minne penye barafu, ili aambiwe yeye ni Mwafrika. Wallahi mimi ningalimwambia papa hapa, na kahawa ningalimpa."

Baraza zima likavunjika mbavu. Badi naye alicheka, tena kuwashinda, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Lakini usimdhanie kuwa alikwenda kupoteza wakati. Huko alisomeshwa na maprofesa weusi kama yeye, watu waliowataja wafalme wa Mali na Kongo kana kwamba wamekula nao jana. Darasani alikaa na vijana ambao babu zao walivushwa bahari kwa minyororo, nao walimwonea gere kwa jambo moja tu, kwamba yeye alijua kwao. Msichana mmoja wa Alabama alimuuliza mamake babu yake aliitwa nani. Badi akajipiga kifua, akajibu kuwa alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa nyumba kubwa ya Lamu, aliyeolewa na mtu mwenye asili ya Hadhramaut. Ndivyo alivyofunzwa nyumbani. Yule msichana akasema yeye angetoa chochote alichonacho apate jina tu, hata kama halina nyumba kubwa.

Kazi haikuwa mbali. Ofisi moja ya elimu ilikuwa imemwahidi nafasi. Nchi ilikaribia kujitawala na watoto shuleni walikuwa bado wakikaririshwa wake wa wafalme wa Kiingereza, basi walitakiwa watu wa kukusanya habari za wenyeji ziingie katika vitabu vipya. Badi aliona kazi hiyo imeshonwa kwa kipimo chake. Mzee Mohdhar aliona si kazi.

Na rai ya Mzee Mohdhar ndiyo pekee iliyomnyima Badi raha, maana Mzee Mohdhar ndiye babake Barke.

Barke alikuwa amemngojea miaka yote minne. Si kwa kukaa dirishani akihema. Alikuwa akisomesha wasichana kusoma na kushona, na katikati ya shughuli zake akapata nafasi ya kuwakataa wachumba wawili, mmoja wao mwenye lori. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nazi, nyumba yake ikitazamana na msikiti, na nasaba yake aliweza kuitaja mpaka Hadhramaut bila ya kupumua. Alikuwa amekwisha sema mbele ya watu: "Binti yangu simpi mtu nisiyejua atokako wala aendako." Badi alitaka kwanza aipate kazi mkononi, halafu ndipo apeleke posa. Kwa hiyo akaanza kukusanya habari za Kisauni, nyumba hadi nyumba, akipita barazani na kalamu yake.

"Babu yenu mkubwa alitoka wapi?" aliuliza. "Alioa kwa nani? Na mabinti waliozaliwa wameolewa wapi?"

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu pwani maswali hayo yana wakati wake na watu wake. Mtu hakuulizi babu yako alioa kwa nani, kisha akakushukuru akenda zake. Akikuuliza hivyo, amekuja kuchumbia, na kama hakusema leo atasema kesho. Badi amezaliwa Kisauni na kutahiriwa Kisauni, alilijua jambo hilo tangu ana meno ya utoto. Miaka minne ya maktaba ikamsahaulisha. Na watu wakamjibu kwa furaha isiyo kifani. Walimketisha kwenye viti vya wageni. Mabinti wa nyumba walipitishwa na sharubati, wakirudishwa tena na maji, na yeye, maskini, hana hili wala lile, anauliza kama babu alifika kwa jahazi au kwa miguu.

Mamake, Bi Kulthum, ndiye aliyepata matunda ya utafiti huo. Asubuhi ililetwa sinia ya mahamri. Adhuhuri sambusa. Kesho yake kaimati, na kila sinia ilifuatiwa na salamu ndefu juu ya binti fulani alivyo mtulivu na alivyo na mkono wa kupika.

"Badi!" aliita.

"Labeka, mama."

"Wataka kuoa wangapi?"

Badi akaduwaa na hamri mdomoni.

"Kwa kina Mwidani wametundika pazia mpya," Bi Kulthum aliendelea. "Nyumba ya pili yake washashona nguo. Na ya tatu mama mtu ameniita mkwe, sokoni, mbele ya watu! Mwanangu, wewe umekwenda kufanya nini huko?"

"Natafuta historia, mama."

"Basi umeipata. Mzee Mohdhar amesikia."

Alasiri hiyo Barke alikuja mlango wa uani kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Kwao zilikuwako mbili. Alisimama na buibui lake, akamtazama Badi kwa mato makali. "Nasikia watafuta mke nyumba kwa nyumba," alisema. "Yetu hukuipanga?"

"Barke, wallahi ni kazi tu."

"Najua. Mimi najua, baba hajui. Amesema hivi: kwa kuwa wewe ni mtu wa kuuliza nasaba za watu, Ijumaa baada ya Alasiri uje mwenyewe na wazee wako, useme ya kwako. Asiporidhika, maneno yamekwisha, na mwenye lori yuwarudi." Akaichukua ile mbuzi akaondoka nayo, asije akalia mbele ya mtu aliyekuwa na unga wa hamri kwenye masharubu.

Badi hakuogopa. Kijana huposewa na wazee wake, yeye akibaki nyumbani. Kuitwa mwenyewe kulikuwa kumtweza, lakini kama ni nasaba, anayo: Lamu na Hadhramaut, nini tena? Akaenda zake Frere Town, ambako alikuwa ameagana na Erastus, rafiki yake wa shule. Erastus alikuwa na nyanya mmoja, Bi Rosalia, mkongwe wa kupindukia, aliyezaliwa hapo hapo siku ambazo misheni ilikuwa ikiwapokea watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa.

Bi Rosalia alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchicha. "Shikamoo, nyanya." "Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

"Badi, nyanya. Badi bin Shee, wa Kisauni."

Mchicha ukaanguka. "Badi wa Kisauni? Babu yako hakuwa mwashi?"

"Mzazi wa babu yangu. Jina nimepewa lake."

"Basi ni wewe!" Bi Rosalia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wako ndiye aliyetuibia Agneta! Aliajiriwa kuja kutujengea ukuta, akapanga mawe asubuhi, jioni akipanga maneno. Agneta ndiye aliyekuwa akimchotea chokaa. Mimi mtoto mdogo, nikipeleka salamu. Siku ukuta ulipokwisha, na Agneta hayupo. Amekwenda Kisauni, amesilimu, amekuwa Bi Zuhura. Mama yangu alimlilia sana, maana walitoka Unyasani, bara huko ziwani, wakaletwa jahazi moja."

Badi aliuliza taratibu, "Hakuwa mtu wa Lamu?"

"Lamu? Lamu alikuwa na nani, mwanangu?"

"Na huyo mwashi. Hakutoka Hadhramaut?"

"Alitoka huko ng'ambo ya minazi," Bi Rosalia akaonyesha kwa kidole upande wa Kisauni, "kila asubuhi."

Alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito, na nikisema alifurahi nitakuwa nadanganya. Miaka minne amesoma, amesimama mbele ya darasa akasema kwamba Mwafrika asionee haya asili yake, akapigiwa makofi. Sasa asili yake imemkaa mapajani na yeye anaona haya. Alijionea haya kwa kuona haya, na hilo likamuudhi zaidi. Alimweleza mamake yote, akitarajia apige kelele.

Bi Kulthum aliendelea kuchekecha unga. "Najua," alisema. "Marehemu babako aliniambia. Na baba yake alimwambia yeye. Na kila mmoja aliambiwa asiseme." Kisha akaliweka chekecheo chini. "Badi, nakuomba. Ijumaa mwache mjomba wako aseme. Yeye aliyazoea. Ukishaoa, andika utakalo."

Barke naye aliporudisha mbuzi ya nazi alisimuliwa, maana Badi hakuweza kulimeza peke yake. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa ninaposwa na Badi, au ninaposwa na Hadhramaut?" aliuliza. Badi akatabasamu, moyo ukamtulia. Lakini Barke hakutabasamu. "Ila mimi si baba, Badi. Ukisema, jua unanitia mzanini."

Ijumaa ikafika. Sebule ya Mzee Mohdhar ilifukizwa udi, kahawa ikapita, halua ikapita. Wazee walikaa mkekani, na nyuma ya pazia walikaa wanawake: mama wa nyumba, Barke, na Bi Mishi, mamake Mzee Mohdhar, bikizee ambaye kila mtu alidhani analala. Mzee Mohdhar alianza. Alijitaja yeye, baba yake, babu yake, akapanda hivyo hivyo mmoja juu ya mwingine mpaka akatua Hadhramaut, akanywa kahawa.

"Nanyi?" alisema, akimtazama Badi.

Mzee Boga alikuwa tayari amekohoa. "Alhamdulillahi, sisi nasi si watu wa kuokotwa. Mtoto huyu ni Badi bin Shee, na Shee, babake, alizaliwa na mtoto wa Bi Zuhura, binti wa nyumba kubwa ya Lamu, aliyeolewa na—"

"Mjomba, niwie radhi," Badi alisema. "Hapo si kweli."

Kikombe cha mtu kikagonga kisahani.

"Mamake babu yangu hakuwa mtu wa Lamu. Jina lake aliitwa Agneta. Alikamatwa mtoto huko Unyasani, akaokolewa baharini, akalelewa Frere Town. Aliyemuoa alikuwa mwashi, mtu wa hapa hapa Kisauni. Hadhramaut hatuna mtu."

Mzee Boga alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Mohdhar alikiweka kikombe chake chini. "Na hayo umekwenda kuyatafuta mwenyewe?" aliuliza.

"Nilikwenda kutafuta ya watu, mzee, nikayakuta ya kwangu."

"Ungalinyamaza."

"Ningalinyamaza ningekuwa nimekuibia binti."

Huenda Mzee Mohdhar alilipenda jibu hilo. Uso wake ulitikisika kidogo. Lakini alikuwa amejijenga miaka mingi kuwa mtu wa namna fulani, na watu walikuwa wanamtazama. Akakusanya kanzu yake. "Basi, wazee," alisema, "kahawa tumekunywa, na ujirani ni mwema." Kila aliyekuwapo alijua maana yake. Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi kwa kwikwi, na Badi akajua ni nani.

"Mohdhar!"

Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Mzee Mohdhar aligeuka. "Labeka, mama."

"Hao babu zako uliowataja, hapana hata mmoja aliyezaliwa na mwanamke?"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mzee mmoja ilibidi ajifunike mdomo kwa kofia yake. "Mama," Mzee Mohdhar alisema kwa upole, "haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Nami nilimzaa mwanamume, nikadhani atanitaja."

Pazia ikasogezwa. Bi Mishi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameushika mkono wa Barke. Alimwangalia Badi. "Nawe, mwanachuoni," alisema. "Umezunguka Kisauni yote wauliza wanaume barazani. Mlango wa uani huujui? Mimi niko nyumba hini tangu nina meno ya utoto, na hapana aliyeniuliza kwetu wapi. Haya, niulize."

Badi kalamu hakuitoa. "Kwenu ni wapi, nyanya?"

"Kwetu Kaloleni. Mimi Mgiriama. Mwaka wa njaa kubwa baba alinishika mkono akanileta huku, akaniweka rehani kwa pishi za mtama, wenzangu wapate kula. Akasema mvua ikinyesha atanirudia." Bi Mishi alitazama chini. "Mvua ikanyesha. Nikangoja mlangoni siku nyingi. Labda alikufa njiani. Mimi sikumwekea kinyongo. Nikalelewa vizuri, nikaitwa Mishi, nikaolewa. Lakini kwetu nilikuwa Kadzo."

Kisauni nzima ilikuwa ikijua kwamba Bi Mishi aliletwa na njaa. Mzee Mohdhar alijua pia. Ila jambo hilo likipitwa kimya mwaka baada ya mwaka, watu walikuwa wamefika mahali pa kuliona halipo, na mwanawe alikuwa wa kwanza kulisahau. Sasa aliinuka, akapita kati ya wageni wake kama hawaoni, akaingia nyuma ya pazia akaiteremsha. Wanaume walikaa wakisikiliza sauti yake, ambayo sokoni ilizoea kushusha bei za watu, ikiuliza chini chini kama ya mtoto.

"Mama, ndugu unao?"

"Nilimwacha mmoja. Kaviha. Alikuwa mdogo, alinishika nguo, akang'ang'ania, mpaka baba akamfumbua vidole."

Mzee Boga alikuwa akifuta mato kwa ncha ya kilemba.

Mzee Mohdhar aliporudi alikaa pale pale alipokuwa amekaa, lakini hakujiweka sawa kanzu. "Binti nimetoa," alisema. Nyuma ya pazia kikazuka kigelegele kimoja, kikazibwa haraka kwa kiganja. "Ila siku siiweki. Mtu haozi binti bila ya wajomba kukaa mkekani, na mimi nimeota mvi sijamjua mjomba wangu hata mmoja." Akamgeukia Badi. "Wewe ndiye unayejua namna ya kuuliza watu. Ndoo, twende tukamtafute."

Fatiha ikasomwa hapo hapo, kabla hajabadili nia.

Walikwenda Kaloleni mara mbili bila mafanikio. Mara ya tatu, baada ya kuuliza katika kila kijiji na kunywa uji mwingi kwa adabu, walionyeshwa nyumba ya mzee mmoja mwenye fimbo aliyewasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi. Alitaka kuondoka wakati ule ule. Ilibidi wamsihi angoje arusi.

Arusi ilikuwa Novemba, siku ambazo miti ya bendera ilikuwa ikipakwa rangi mjini kwa ajili ya uhuru. Mkekani, upande wa watu wa bibi arusi, Mzee Mohdhar alikuwa ameacha nafasi kuliani kwake. Lakini Mzee Kaviha alipoingia uani hakwenda mkekani. Alikataa kiti na sharubati. Alisimama na fimbo yake mbele ya chumba walimokuwa wanawake, ambako Bi Mishi alikuwa akimrekebishia Barke asumini kichwani, akaita kwa nguvu zake zote, "Kadzo!"

Barke anasema nyanya yake aliitika kabla hajageuka.